Mcheza Kwao Hutunzwa: Lafudhi, Utani na Asili katika Onyesho la Jo Koy mjini Manila

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii aghalabu hutolewa ili kumhimiza mtu asiwaache jamaa zake akaenda kutafuta sifa ugenini, kwa kuwa wageni humtazama tu mchezaji, lakini watu wa kwao humtunza. Maana yake ni wazi, na ni vigumu kuipinga. Hata hivyo, yuko mtu mmoja ambaye methali hii haimsaidii, naye ni yule asiyejua kwao ni wapi. Mtu aliyezaliwa na wazazi wa nchi mbili, akakulia katika nchi ya baba na katika jiko la mama, achezee wapi ili atunzwe? Hilo ndilo swali lililomo ndani ya onyesho la vichekesho liitwalo In His Elements, alilolitoa mchekeshaji Jo Koy kupitia Netflix tarehe 12 Juni 2020, baada ya kulirekodi mjini Manila, Ufilipino.

Huenda msomaji akashangaa kuona mchekeshaji wa Kimarekani mwenye asili ya Kifilipino akijadiliwa katika jarida la lugha za Kiafrika. Tuna sababu tatu za kufanya hivyo. Kwanza, uchekeshaji wa jukwaani, ambapo mtu mmoja husimama mbele ya hadhira bila maleba wala mandhari, ni tawi la fasihi simulizi. Fanani, hadhira na tukio la utendaji vipo vyote, na zana tuzitumiazo kuchambua utambaji wa ngano zinafaa hapa pia. Pili, chombo kikuu cha msanii huyu ni lafudhi, na lafudhi ni jambo linalowahusu wataalamu wa lugha kuliko watu wengine. Tatu, Wafilipino, kama sisi, walifundishwa lugha ya mtawala wao darasani, na hata leo hawajamaliza kubishana juu ya mahali pake.

Jina na sikio

Jo Koy alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, akaitwa Joseph Glenn Herbert. Baba yake alikuwa Mmarekani mweupe, askari wa jeshi la anga. Mama yake ni Mfilipino. Ndoa za namna hii zilikuwa nyingi. Marekani ilikuwa na kambi kubwa za kijeshi nchini Ufilipino, mojawapo ikiwa kambi ya Clark iliyofungwa mwaka 1991, na kutokana na kambi hizo yalizaliwa maelfu ya watoto ambao historia ya mataifa mawili ilikuwa imeandikwa nyusoni mwao kabla hawajajua kusoma. Wazazi wa Joseph walitengana, naye akalelewa na mama.

Jina alilolichagua kwa ajili ya jukwaa lina kisa ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Ameeleza mwenyewe kwamba alipokuwa akitafuta jina la usanii, shangazi yake alimwita aje kula, naye akasikia akiitwa “Jo Koy”. Akalipenda jina hilo, akalitwaa. Baada ya muda akaja kugundua kwamba shangazi hakusema hivyo hata kidogo. Alikuwa amesema “Jo ko”, ambayo kwa Kitagalogi ni “Jo wangu”. Neno ko ni kimilikishi cha nafsi ya kwanza umoja, na hufuata nomino, kama vile -angu inavyofuata katika Kiswahili. Ni sawa na mtoto aliyekulia ughaibuni asikie akiitwa “mwanangu”, adhani ndilo jina lake, akaenda kulichapisha kwenye matangazo.

Kisa hiki huchekesha, na yeye hukisimulia kwa kuchekesha. Lakini tukikitazama vizuri tutaona kwamba kimebeba hali yake yote. Shangazi alikuwa akitamka umiliki, yaani akisema kwamba mtoto huyu ni wa kwetu. Mtoto hakuielewa sarufi, akabaki na sauti tu. Alikuwa amemilikiwa na lugha asiyoimiliki. Kila jina hilo linapotangazwa ukumbini, mwanamke yule wa Kifilipino huwa anasema tena kwamba Jo ni wake, ingawa wengi wa wasikilizaji hawalijui hilo. Kwa maoni yetu, sanaa nzima ya Jo Koy ni juhudi ya kujifunza, ukubwani, maana ya neno ambalo utotoni alilisikia vibaya.

Onyesho lenyewe

Kabla ya kufika Manila, Jo Koy alikuwa amekwisha kupata jina. Onyesho lake la mwaka 2017 lilirekodiwa Seattle, karibu na mji alikozaliwa. La mwaka 2019, liitwalo Comin' in Hot, lilirekodiwa Honolulu, Hawaii, ambako Wafilipino ni sehemu kubwa ya wakazi. Tukizifuatisha sehemu hizi kwenye ramani tutaona mtu anayevuka bahari ya Pasifiki kidogo kidogo, kituo kwa kituo, kuelekea nchi ya mama yake. In His Elements ndicho kituo cha mwisho cha safari hiyo.

Jina la onyesho lina maana mbili. Katika Kiingereza, kusema kwamba mtu yu katika hali hiyo ni kusema kwamba yuko mahali panapomfaa, kama samaki aliye majini. Lakini neno lilelile, likiwa katika wingi, hutumiwa na watu wa hip-hop kwa zile nguzo nne za sanaa yao, yaani kuchezea santuri, kughani, dansi ya kujibiringisha sakafuni, na uchoraji wa kutani. Maana hizo mbili zinaafikiana na muundo wa onyesho, kwani Jo Koy hakusimama peke yake. Aliwaalika wachekeshaji watatu, Joey Guila, Andrew Lopez na Andrew Orolfo, wote Wafilipino wa Marekani. Akawaalika pia watu wa muziki na dansi, miongoni mwao mtayarishaji wa muziki ajiitaye !llmind, na mchezaji Ronnie Abaldonado, ambaye mwaka 2007 alitwaa ubingwa wa dunia wa dansi hiyo ya sakafuni katika mashindano ya Red Bull BC One yaliyofanyika Johannesburg, Afrika Kusini.

Hapa ndipo onyesho hili linapoachana na desturi ya aina yake. Kwa kawaida onyesho la mchekeshaji wa jukwaani ni ufalme wa mtu mmoja. Anasimama saa nzima, anasifiwa peke yake, analipwa peke yake. Jo Koy amelivunja umbo hilo, akalifanya liwe kitu kilicho karibu zaidi na ngoma ya kijijini, ambapo mwenye ngoma hufungua uwanja, akaingia huyu akatoka, akaingia yule. Wahakiki waliozoea umbo la kwanza wanaweza kuona kwamba onyesho limetawanyika. Sisi hatuoni hivyo. Ikiwa dhamira ya onyesho ni kuthibitisha kwamba jamii fulani ina vipawa, basi kipawa cha mtu mmoja hakitoshi kuwa ushahidi. Fani imetii maudhui, na hilo ni jambo la kusifiwa.

Lafudhi si kosa

Kwa muda wa miaka mingi mhusika mkuu katika vichekesho vya Jo Koy amekuwa mama yake, Josie. Tunamwona akimkaripia mwanawe, akimtaka awe muuguzi, akiamini kwamba hakuna ugonjwa usioponywa na dawa ya kuchua ya Vicks. Hata hivyo, kinachoipasua hadhira mbavu mara nyingi ni namna mama huyo anavyosema kuliko yale anayoyasema. Jo Koy huigeuza sauti yake, huinua kidevu, hubana macho, na mara mama yupo jukwaani mbele yetu. Ni uigizaji wa hali ya juu, na hatutaki kuudunisha.

Lakini mwanaisimu hana budi kuuliza lafudhi hii ni kitu gani. Kitagalogi cha asili hakikuwa na sauti f wala v. Maneno ya Kihispania yalipoingia yalitiwa katika kalibu ya lugha pokezi: café likawa kape, fiesta likawa pista, viernes, yaani Ijumaa, likawa Biyernes. Hakuna tofauti na Waswahili walipolipokea neno mesa la Wareno wakalifanya meza. Basi Mfilipino anapotamka p pale Mwingereza anapotamka f, hajakosea. Anafuata kanuni ya fonolojia ya lugha yake kwa uaminifu uleule ambao Mmarekani anafuata kanuni za yake. Jambo hili limeingia hata katika jina la lugha ya taifa. Lugha hiyo, ambayo msingi wake ni Kitagalogi, iliitwa Pilipino mwaka 1959, kisha katiba za mwaka 1973 na 1987 zikaiita Filipino. Herufi moja ilibeba mjadala wa taifa zima, kwamba lugha ya taifa ni ya Watagalogi tu au ni ya watu wote pamoja na sauti zao zote.

Wataalamu wa Kiswahili watapendezwa pia kujua kwamba lugha hizi mbili zimewahi kunywa katika kisima kimoja. Mfilipino anaposhukuru husema salamat, neno ambalo lilimfikia kutoka Kiarabu kwa njia ya Kimalai. Sisi tunalo katika salama na salamu. Jaji kwake ni hukom, na sisi twasema hukumu, hakimu na mahakama. Biashara ya bahari ya Hindi ilipeleka maneno hayo mashariki na magharibi, pamoja na dini na viungo vya mchuzi. Wanaocheka lafudhi ya Mfilipino, kwa kudhani kwamba lugha yake ni ya pembezoni, hawajui jinsi lugha hiyo ilivyosafiri.

Nani anacheka, na anamcheka nani?

Hapa tunafikia kiini cha jambo. Kichekesho cha lafudhi kina hatari, kwa sababu maneno yaleyale, yakitamkwa na mtu yuleyule, huweza kuzaa vicheko viwili vilivyo tofauti kabisa. Kipo kicheko cha dharau, ambapo msikilizaji humcheka mtu aliye chini yake. Kipo pia kicheko cha kujitambua, ambapo msikilizaji huona mamaye, au nafsi yake, katika kioo cha jukwaa. Kwa sikio tu hatuwezi kuvitofautisha. Ukumbini Marekani vyote viwili husikika kwa pamoja. Mjukuu wa wahamiaji hucheka kwa sababu amemkumbuka bibi yake, na jirani yake hucheka kwa sababu Waasia ni watu wa kuchekesha. Mchekeshaji hupokea malipo yaleyale kutoka kwa wote wawili.

Sisi tunayo dhana inayoweza kutusaidia, nayo ni utani. Miongoni mwa makabila ya Tanzania, kama Wazaramo na Wanyamwezi, mtani ana ruhusa ya kusema mambo ambayo mtu mwingine akiyasema patazuka ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ina gharama. Mtani huyohuyo anayekejeli mbele ya maiti ndiye mwenye wajibu wa kusaidia mazishi. Utani ni deni. Anayechukua haki ya kucheka huchukua pia mzigo wa kusaidia. Mtu anayecheka bila kubeba mzigo si mtani, ni mfidhuli tu.

Tukiipima sanaa ya Jo Koy kwa mizani hii, pingamizi la kwanza litatoka katika mila zetu wenyewe. Katika jamii nyingi za Kiafrika mjukuu humtania bibi, lakini mtoto hamtanii mama yake mzazi, sembuse hadharani na kwa fedha. Imekuwaje basi mwana huyu amfanye mama yake kichekesho? Tunadhani jibu liko katika uhamiaji wenyewe. Ughaibuni umri hupinduka. Mtoto aliyezaliwa kule huijua lugha ya wenyeji kuliko mamaye. Ndiye amsomeaye barua, ndiye amsemeaye dukani. Katika uwanja wa lugha mtoto huwa mkubwa, na mama huwa mdogo. Utani wa Jo Koy umezaliwa na mpinduko huo. Tena tuone kwamba katika visa vyake mama hashindwi. Anakosea matamshi, lakini neno la mwisho ni lake, na mwana huondoka ameinamisha kichwa. Mpinduko wa lugha unapinduliwa tena na mamlaka ya mzazi. Kwa sababu hiyo tunashawishika kusema kwamba huu ni utani wa kweli.

Kisha, mjini Manila, mizani inabadilika kabisa. Hapa lafudhi ya Josie si lafudhi tena. Ndiyo sauti ya kawaida ya ukumbi, ya mlinzi wa mlangoni na ya muuza chakula nje. Mwenye lafudhi ya kigeni sasa ni Jo Koy. Yule jirani wa Kimarekani aliyekuwa akicheka kwa dharau hayupo ukumbini, na kichekesho hakiwezi kumtegemea. Kwa hiyo kila kicheko kinachosikika lazima kiwe cha kujitambua. Huu, kwa maoni yetu, ndio ushindi mkubwa wa onyesho hili. Limefanya kama mkemia anayeondoa kitu kimoja katika mchanganyiko ili aone kilichobaki. Kilichobaki bado kinachekesha, na hilo ni ushahidi kwamba tangu mwanzo sanaa hii haikusimama juu ya dharau pekee.

Lugha ya sherehe

Hata hivyo hatuwezi kuishia kwenye sifa. Liko jambo ambalo onyesho hili halikulikabili, nalo ni lugha. Sherehe ya asili ya Wafilipino, iliyofanyika katika mji mkuu wa Wafilipino, iliendeshwa hasa kwa Kiingereza, maneno ya Kitagalogi yakinyunyizwa hapa na pale kama kitoweo.

Yafaa tukumbuke Kiingereza kilifikaje huko. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris mwezi Desemba 1898, Hispania, iliyokuwa imevitawala visiwa hivyo kwa zaidi ya karne tatu, iliviachia Marekani kwa malipo ya dola milioni 20. Wafilipino hawakuulizwa. Wengi walipigana na bwana mpya tangu 1899, na Marekani ikatangaza kwamba vita vimekwisha mwaka 1902. Vita vikiwa bado vinaendelea, mwaka 1901 meli iitwayo Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wa Kimarekani wapatao 500, waliokuja kufundisha kwa Kiingereza. Uhuru ulipatikana tarehe 4 Julai 1946, lakini Kiingereza hakikurudi na meli. Katiba ya 1987 inasema kwamba Kifilipino ni lugha ya taifa, na kwamba Kifilipino na Kiingereza ni lugha rasmi. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Isitoshe, uchekeshaji wa jukwaani haukufika Manila na ndege ya Jo Koy. Katika enzi ya Marekani palizuka huko maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho yaliyoitwa bodabil, jina lililotokana na vaudeville na kutiwa katika kalibu ya Kitagalogi kwa kanuni ileile ya v kuwa b tuliyoieleza. Wakati Wajapani walipoikalia nchi, 1942 hadi 1945, wachekeshaji wawili, Pugo na Togo, waliwakejeli jukwaani askari waliojivika saa nyingi mkononi, na kwa kichekesho hicho wakatiwa gerezani. Katika majukwaa ya wakati huo ndipo alipoanzia Rodolfo Quizon (1928–2012), aliyejulikana kwa jina la Dolphy, ambaye baadaye aliitwa mfalme wa vichekesho wa nchi hiyo. Na kabla ya hapo, mwaka 1924, washairi Jose Corazon de Jesus na Florentino Collantes walikuwa wamefungua mashindano ya kujibizana kwa mashairi yaitwayo balagtasan, ambayo mshairi yeyote wa Lamu au Mombasa angeyatambua mara moja.

Mapokeo haya yote yamefanyika katika lugha ya nyumbani, na yalikuwa na ujasiri wa kisiasa. Lakini wachekeshaji ambao Jo Koy aliwapa jukwaa wote walitoka Marekani. Hapa tunakumbuka desturi moja ya Wafilipino. Anayerudi kutoka ng'ambo huitwa balikbayan, yaani arudiye nchini, naye huja au hutanguliza sanduku kubwa lililojaa sabuni, nyama za kopo, viatu na chokoleti kwa ajili ya jamaa. Ni sanduku la mapenzi, na hakuna wa kulidharau. Lakini ni sanduku lililojazwa ng'ambo. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. In His Elements ni sanduku la namna hiyo, limefunguliwa kwa shangwe, na mwenyeji amepona. Tunachouliza ni kama mgeni naye amekaa chini akala chakula cha mwenyeji.

Yupo atakayesema kwamba hip-hop yenyewe ni kitu cha kuazima, na kwamba haifai kuonyeshwa kama urithi wa Wafilipino. Hatukubaliani na hoja hiyo. Vijana wa Kifilipino wa eneo la San Francisco walikuwa miongoni mwa waliouinua ufundi wa kuchezea santuri hadi ukawa sanaa kamili. DJ Qbert na wenzake Mix Master Mike na Apollo walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1992. Jambo lililoazimwa likafanyiwa kazi huwa mali ya aliyelifanyia kazi. Taarabu ya Unguja ilipokea ala na mahadhi ya Misri, na mwanzoni iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la sultani. Siti binti Saad alipoiimba kwa Kiswahili na kwenda Bombay kuirekodi mwaka 1928, hakuna aliyeweza kusema tena kwamba si yetu.

Lakini mfano huo wa Siti unatufundisha jambo la pili. Kilichoifanya taarabu iwe ya Waswahili hakikuwa ala. Kilikuwa lugha. Siti aliitoa jumbani akaipeleka Ng'ambo, kwa maneno ambayo muuza samaki aliyaelewa. Jo Koy amekwisha kulifanya nusu ya kazi hiyo, kwani umbo analo, watu anao, mapenzi anayo. Nusu iliyobaki, yaani kuchekesha kwa lugha ambayo shangazi yake alimwitia chakula, hajaifanya.

Mtetezi wake anaweza kujibu kwamba hiyo si lugha yake ya kwanza, na kwamba kumtaka achekeshe kwa Kitagalogi ni kumtaka awe mtu mwingine. Jibu hilo lina uzito. Mchekeshaji asiyeimiliki lugha hawezi kuichezea, na mahali pa mkato au pumzi pakikosewa kichekesho hufa. Tena Kiingereza cha Josie, pamoja na p zake zote, kwa namna fulani ni lugha ya Kifilipino, kwa kuwa hakisemwi hivyo na watu wengine. Kwa hiyo hatumlaumu msanii. Tunasema tu kwamba onyesho lingekuwa kubwa zaidi kama lingeufanya upungufu huo kuwa sehemu ya maudhui yake, kama lile kosa la sikio lililompa jina. Angesimama mbele ya watu wa Manila na kuwaruhusu, kwa zamu yao, waicheke lafudhi yake. Hapo utani ungekuwa wa pande mbili.

Mizani

Baada ya miaka michache sanaa hii ilijaribiwa kwa namna nyingine. Tarehe 7 Januari 2024 Jo Koy aliendesha hafla ya tuzo za Golden Globe huko Beverly Hills. Alikuwa ameitwa siku chache tu kabla ya hafla, na vichekesho vyake vilipokelewa kwa baridi. Akiwa bado jukwaani akaanza kuwalaumu waandishi waliomsaidia. Wengi walieleza kuanguka huko kwa ufupi wa muda. Ufupi wa muda ulichangia, lakini tunaona sababu ya ndani zaidi. Pale hakuwa na watani. Matajiri na mashuhuri waliokaa mezani hawakuwa na ukoo naye, wala yeye hakuwa na wajibu wowote kwao. Ukiondoa undugu katika utani, yanayobaki ni matusi au kujipendekeza, na hadhira huvinusa vyote viwili. Mchezaji yuleyule aliyetunzwa Manila alitazamwa tu Beverly Hills. Methali ilisema kweli.

Je, mtani huyu amelipa deni lake? Amelipa sehemu kubwa. Kwa kuugawa muda wake na wenzake alifanya kile ambacho mtani hufanya msibani: alichukua jembe. Baadaye, mwaka 2022, filamu Easter Sunday, ambamo yeye ndiye mhusika mkuu, iliweka familia ya Kifilipino mbele ya kamera za Hollywood, mahali ambapo kwa miaka mingi watu wa namna hiyo walionekana kama wauguzi na watumishi wapitao nyuma. Sehemu ya deni iliyobaki ni ile ya wachekeshaji wa Manila wenyewe na lugha yao.

Nasi tunaosoma tukiwa Nairobi tuna la kujiuliza. Televisheni yetu nayo imecheka lafudhi kwa muda mrefu. Katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang' kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye mwenyewe hakuzaliwa Mjaluo, na taifa zima lilimpenda, Wajaluo wakiwamo. Alipendwa kwa sababu Ojwang' wake alikuwa mtu kamili, mwenye hila, hasira na huruma. Lafudhi ilikuwa vazi lake tu. Lakini si wote waliomfuata waliokuwa na ustadi huo. Wapo wanaodhani kwamba kubadilisha r iwe l, au b iwe mb, kwatosha kuwa kichekesho. Na kicheko hicho hakiishii kwenye televisheni. Kila mwalimu wa lugha katika nchi hii amemwona mwanafunzi mwenye akili akikaa kimya muhula mzima, kwa kuwa siku ya kwanza alisoma kwa sauti na wenzake wakacheka.

Mwanafunzi huyo ndiye anayetufanya tulichukulie onyesho hili kwa uzito. Jo Koy ametuonyesha kwamba lafudhi inaweza kuchukuliwa kutoka mahali pa aibu, ikapelekwa mbele ya watu wanaoitumia, nao wakacheka bila kudhalilika. Hajatuonyesha bado lugha yenyewe ikisimama jukwaani kwa miguu yake. In His Elements ni kazi yenye kasoro, lakini ni kazi njema, na tunaipendekeza kwa walimu wa fasihi simulizi. Waitazame pamoja na wanafunzi wao, kisha wawaulize, katika kila kicheko, ni nani anayecheka, anamcheka nani, na ana wajibu gani kwake.